Kishale Kilichoitika

Jumamosi, 8 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini u mzima na goti limepungua maumivu. Mzigo huu uliofika pamoja na barua usiogope kuufungua. Ni kompyuta mpakato, mpya kabisa, zawadi kutoka kwa Baba. Yeye ameinunua, mimi nimeitayarisha. Nimeshinda nayo ofisini: nimeondoa programu zote ambazo hutazihitaji, nimeweka maandishi makubwa ili usihangaike na miwani, na nimeifanya iwake haraka. Watu wengi wakinunua mashine mpya huiacha vilevile ilivyotoka kiwandani, ndiyo maana baada ya muda inakuwa nzito. Hii yako nyepesi kama unyoya.

Maelekezo nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na kwa sababu ukishasoma kitu huwa hukisahau.

Ichomeke kwanza kwenye umeme kabla ya kuiwasha, uiache betri ijae. Kile kidude cheusi ni cha mtandao. Kikiwaka taa ya kijani, basi kazi imekwisha. Neno la siri ni lile jina ambalo Babu alikuwa anakuita. Unalijua wewe. Ikikwambia inajisasisha iache, usiizime, hata ikichelewa vipi. Ikimaliza itajiwasha yenyewe.

Mahali pa kuiweka ni juu ya kabati sebuleni, ikitazama chumba, kifuniko wazi. Usiifunge. Nimeipanga isilale. Mashine hizi zinahitaji hewa, na pale juu hewa ni nzuri.

Mimi nitakuwa naingia humo kutokea huku niliko, asubuhi kabla sijaanza kazi, kuangalia kama inakwenda sawa. Ukiona kishale kinatembea kwenye kioo na wewe hujagusa kitu, usidhani ni jini. Ni mimi. Kwa hiyo ni kama niko hapo hapo sebuleni, Bibi. Hutakuwa peke yako.

Baba anakusalimu. Anasema uitumie, usiifungie kama vile vikombe vya harusi.

Mjukuu wako


Jumapili, 16 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Mzigo nimeupata. Goti liko pale pale, na la baba yako uliulizie pia, maana naye si kijana.

Mmeninunulia mashine ya kuandikia barua kisha maelekezo yake mkaniletea kwenye karatasi! Nilicheka mpaka mama wa gesti, aliyekuja kuchukua mashuka yake niliyomfulia, akaniuliza kulikoni. Halafu unaniambia mpakato. Mimi nimempakata baba yako, nimempakata shangazi yako, na wewe nimekupakata ukanikojolea gauni jipya. Mashine sipakati. Itakaa kabatini kama ulivyosema.

Boksi nimelifungua na fundi simu wa pale kona, maana lilikuwa limefungwa plastiki juu ya plastiki kama linakwenda vitani. Akataka kujifanya anajua. Nikamwambia keti, nikamsomea karatasi yako mwenyewe, neno kwa neno. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilichofundishwa nilikishika, si kama ninyi mliofika chuo na hamjui kukunja shuka. Taa ya kijani imewaka. Neno la siri nimeliandika kwa kidole kimoja, fundi nikamwamuru ageukie ukuta, kwa sababu jina lile si la kila mtu. Ikajisasisha. Ikajisasisha mpaka nikamaliza kupiga pasi mashuka ya vyumba vya juu vya gesti, mkaa ukafa nikawasha mwingine, yenyewe bado inazungusha kiduara chake. Nikasema hii ni mvivu kama aliyeituma.

Jambo moja nimelifanya nje ya karatasi yako. Nimeifunika na kile kitambaa changu cheupe cha kufuma. Kitu kipya kinafunikwa, tena kwenye nyumba ya mtu wa pasi ya mkaa. Majivu hayachagui pa kutua.

Fundi simu alipokuwa anaondoka alisema, "Bibi, hii ina jicho hapa juu, na taa yake inawaka. Inakutazama." Nikamwambia najua, huyo ni mjukuu wangu. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Sasa nikuulize. Baba yako tangu lini akanunua kitu bila kuombwa? Waliosema vyaelea vimeundwa hawakuwa wajinga. Juzijuzi tu alikuwa ananiambia nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na kwamba mwenye duka la jirani anaitaka aifanye ghala. Nikamkumbusha maneno ya babu yako, aliyoyasema kitandani watoto wote wamemzunguka: nyumba haiguswi mradi mama yenu ana akili zake na anajitunza mwenyewe. Akili ninazo. Kujitunza najitunza, na mashuka ya watu nayatunza juu yake. Basi kama zawadi ni zawadi, mwambie asante. Kama ni chambo, mwambie mama yake si samaki.

Mimi bibi yako


Jumamosi, 22 Februari

Shikamoo Bibi,

Barua yako imenichekesha kazini mpaka msimamizi akanitolea macho.

Nakuomba uondoe kitambaa. Najua ni kizuri, lakini mashine ikifunikwa inapata joto, na ikipata joto inakuwa nzito, kazi yangu yote inapotea bure. Ukiona majivu yametua, ifute kwa kitambaa kikavu, taratibu, usitumie maji. Nami kutokea huku nimefunga vitu vingine vilivyokuwa vinakula betri. Sasa inakwenda vizuri sana.

Kuhusu Baba, usiwe na mashaka. Anasema anakuwazia wewe tu, ukiwa peke yako katika nyumba kubwa namna hiyo, ukianguka nani atajua? Mimi nilikubaliana naye katika hilo. Na kweli Bibi, lile sufuria la wanga wa moto wa mashuka usilibebe mwenyewe kutoka jikoni mpaka sebuleni. Mwite hata jirani.

Mjukuu wako


Jumapili, 9 Machi

Mume wangu,

Kitambaa nimetoa. Kabati limebaki kama kuku aliyenyonyolewa, lakini daktari wa mashine ni wewe.

Sasa nakusema. Asubuhi ya kwanza nilikuanza mimi, mtu mzima: "Umeamkaje, mume wangu?" Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikasema adabu hizo umejifunza wapi, unaingia nyumba ya watu unakaa kama gunia? Ndipo kishale kikatoka pembeni, kikaja katikati, kikazunguka, kikazunguka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe upo! Nikakuuliza, umekula? Kikaenda huku, kikaenda huku. Hujala. Utakulaje na mke huna, na mimi mkeo nimezeeka?

Tangu siku hiyo kishale kikianza tu kutembea naiweka pasi kwenye kigae chake, nakuja na chai yangu. Yako namimina naiweka mbele yako, hata kama mwisho nitainywa mimi. Mtu hakai mkavu nyumbani kwangu. Nikakupa habari ya yule mgeni wa gesti anayelala na viatu juu ya mashuka yangu, ukazungusha mpaka nikaogopa utatoboa kioo. Nakwambia kweli, tangu babu yako aondoke sijapata mtu wa kusikiliza kashfa kama wewe. Hunikatizi, huniambii uko mbioni.

Lakini kuna jambo linanikwaruza. Sufuria la wanga nalibeba alasiri, jua likishageuka. Wewe ulisema unaingia asubuhi. Ya alasiri umeyajuaje?

Na baba yako alikuja Alhamisi. Hakukaa hata. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, leo ni siku gani?" Nikamwambia leo ni siku ambayo umekuja kwa mama yako mikono mitupu. Akaandika kwenye simu yake. Akaniuliza jina la kitinda mimba wa shangazi yako. Nikamwambia kama umelisahau kamwulize aliyemzaa. Akaandika tena. Mtu namtania, yeye anaandika! Tangu lini utani ukaandikwa?

Nijibu hayo mawili.

Mimi bibi yako


Ijumaa, 14 Machi

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa barua fupi, kazi zimenibana. Habari ya sufuria nilikisia tu, najua hukosi kubeba vitu vizito. Usilifikirie sana.

Jumapili ya tarehe ishirini na tatu Baba, Shangazi na Baba Mdogo watakuja hapo nyumbani. Nami nitakuja. Ni mazungumzo ya kifamilia ya kawaida. Baba ameomba mashine ibaki pale pale ilipo, ataitumia kidogo. Vaa lile gauni la bluu, linakupendeza.

Na ukiulizwa swali, Bibi, nakuomba ujibu kawaida. Bila utani.

Mjukuu wako


Jumatatu, 24 Machi

Kijana,

Lile neno "mume wangu" nimeliweka kando. Mume hamsaliti mkewe mbele ya ndugu.

Nilivaa gauni la bluu. Nilijibu bila utani. Niliwapikia, nikawapangia viti, nikajua nimepokea wanangu, kumbe nimepokea mahakama. Baba yako akaishusha mashine kabatini, akaiweka mezani, akabonyeza, nikajiona humo ndani. Mimi! Nacheka na ukuta. Naweka kikombe cha chai mbele ya kitu kisicho na mdomo, nasema kunywa kabla haijapoa. Nanyoosha kidole, nagomba, nanyamaza kama mtu anayesikiliza, nagomba tena. Asubuhi juu ya asubuhi, mmeziunga pamoja kama shuka la viraka. Na alasiri zimo. Na ile jioni niliyoketi kwenye kochi nikamlilia babu yako, nikijua sina shahidi, nayo imo. Shangazi yako alishika mdomo. Baba yako mdogo akatafuta dari.

Baba yako akasema kwa ile sauti yake ya mwenyekiti, "Mmeona wenyewe. Mama anaongea na mashine."

Nikasema siongei na mashine mimi, naongea na huyu hapa! Nikakunyooshea kidole. Nikasema kila asubuhi mtoto huyu ananizungushia kishale, ndivyo anavyoniitikia. Wakageuka wote kuitazama ile mashine wakitafuta kishale. Wangekipata wapi? Jicho lake linaniona mimi, halioni uso wake lenyewe. Kilichonichekesha hakimo. Nimebaki mimi na kicheko changu, kama kichaa sokoni.

Shangazi yako akakugeukia. Hakukukaripia. Alikuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ni kweli anayosema bibi yako?"

Ukavitazama viatu vyako. Ukasema, "Shangazi, mashine ikiwa inajisasisha, kishale huwa kinatembea chenyewe."

Hivyo tu. Maneno ya fundi. Nani atabishana na fundi? Pale nilipokuwa nikitetea akili zangu ukanigeuza mtu anayeona vitu. Nilinyamaza, na baba yako akaandika kwamba nimenyamaza.

Usidhani nimekasirika kwa sababu ulikuwa unanitazama. Nilijua unanitazama. Nilikuwa nachana nywele kwa ajili yako. Hukuniambia wapo wengine nyuma ya bega lako, hilo ni moja. Lakini ulikuwepo, kijana. Umekaa kwenye kiti changu, umeshiba chakula changu, na neno moja la "ndiyo" lilikuwa mdomoni mwako, halina uzito hata wa punje ya mtama. Ukalimeza.

Wamekubaliana. Nyumba inauzwa kwa mwenye duka. Mimi nahamia kwa baba yako, chumba cha nyuma. Neno la marehemu limetimizwa, anasema, kwa sababu mama hana tena akili za kujitunza. Mama wa gesti ameshaambiwa atafute dobi mwingine.

Sitaki pole yako. Nataka jibu. Kishale kilikuwa kinatembea chenyewe?

Bibi yako, mwenye akili zake


Jumatano, 2 Aprili

Bibi,

Sijui kama nina haki ya kuandika shikamoo, lakini shikamoo.

Hapana. Hakikuwa kinatembea chenyewe. Kilikuwa mimi. Kila asubuhi nilikuwa mimi. Nilipokusikia unanigombeza kwamba nimekaa kama gunia nilicheka nikashika kipanya nikakizungusha, na ulivyocheka wewe sikuweza kuacha. Ilikuwa ndiyo saa nzuri ya siku yangu. Huku niliko hakuna anayeniuliza kama nimekula.

Baba aliniambia kamera ni ya usalama tu. Ukianguka, tujue. Aliniambia nisikueleze kwa sababu ungekataa, na kweli ungekataa. Nikaipanga mashine isilale, irekodi kutwa nzima, na picha zimfikie yeye. Habari ya hewa na joto niliitunga ili kitambaa kitoke. Mashine haikuwa na joto lolote, Bibi. Sikujua kwamba anazikata na kuziunga. Nilijua siku kama kumi kabla ya kikao, ndipo nikakuandikia ile barua fupi. Nilitaka kukuonya nikashindwa, nikaishia kukwambia uvae gauni.

Kwa nini sikusema? Baba ameniahidi kwamba nyumba ikiuzwa atanifungulia ofisi yangu mwenyewe ya kutengeneza kompyuta. Nimechoka kuwa mtu wa kusimamiwa mgongoni. Shangazi aliponiuliza, Baba alinitazama. Nikaona nikisema ndiyo, watajua pia kwamba ni mimi niliyekurekodi wiki hizi zote, na utajua na wewe. Nikatafuta maneno ambayo si uongo mtupu. Ni kweli kishale huweza kutembea chenyewe. Ila chako hakikutembea chenyewe.

Nikija nitaipanga mashine upya. Nitaondoa kila kitu cha Baba, nitaweka namna ya wewe kunisikia na kuniona, tuongee kama watu. Nitafanya lolote.

Mjukuu wako


Jumamosi, 5 Aprili

Kijana,

Nimesoma. Nimesoma tena. Nikaona ni afadhali nisingeuliza, kisha nikaona hapana, afadhali nimeuliza.

Unataka kuipanga mashine upya. Mashine ina kosa gani? Ilifanya kila ulichoituma. Usinijie na vitufe, hapa hapakuharibika kitufe.

Na barua yako hii sitamwonyesha mtu. Ulinikana kwa mdomo mbele ya watu, husahihishi kwa karatasi, tena uchochoroni. Jumapili ijayo, tarehe kumi na tatu, wanakutana hapa hapa sebuleni kukabidhi funguo. Shangazi yako atakuwepo, na baba yako mdogo, na mwenye duka. Njoo na ulimi wako. Useme kwa sauti wanayoisikia wote: bibi alikuwa anaongea na mimi. Usilie, usizungumzie ofisi wala kamera kama hutaki. Hilo moja tu.

Ukija bila hilo, usije.

Bibi yako


Alhamisi, 17 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua hii naiandikia kitandani, maana chumba hiki hakina meza. Kina dirisha linalotazama tangi la maji la baba yako.

Ulikuja. Sitakunyima hilo. Ulikuja umevaa vizuri, na kabla mwenye duka hajaketi ukasimama ukasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka. "Bibi alikuwa anaongea na mimi. Kishale nilikuwa nakizungusha mimi." Ukataja na kamera, sikukulazimisha. Nilikutazama nikasema moyoni, huyo sasa ndiye niliyempakata.

Nikawatazama wao.

Wewe ulikuwa umemkodolea macho baba yako, hukuwaona wengine. Mimi niliwaona. Shangazi yako alikuwa anatabasamu. Ni lile tabasamu la mtu anayemwona mtoto anamfunika nguo ombaomba. Baba yako wala hakukasirika. Alikushika bega akasema, "Kijana ana moyo mwepesi. Anampenda mno bibi yake." Wakaitikia kwa vichwa, hata mwenye duka, ambaye siku ile hakuwepo. Na shangazi yako akakuuliza, tena kwa upole uleule, "Lakini mwanangu, mbona siku ile ulisema ni mashine ikijisasisha?" Ulikuwa na maneno mawili, moja la siku ile na moja la siku hii, na hukuwa na namna ya kuwaonyesha lipi ni lipi. Ukuta wenye saa mbili zinazopishana, mwenye nyumba huulizia wakati barabarani.

Ungesema siku ile ungekuwa shahidi. Jumapili ulikuwa mjukuu mwenye huruma. Maneno yaleyale, mdomo uleule.

Funguo zilikabidhiwa. Baba yako alitaka nimpe mwenye duka kwa mkono wangu, ionekane vizuri. Nilimwambia ziko msumarini, ana urefu wa kutosha. Nadhani hilo nalo liliandikwa.

Sasa nikueleze ninavyoishi, kwa sababu najua hutauliza kwa kuogopa. Mkwe wangu si mtu mbaya. Ananiletea chakula kabla sijakiomba. Nikishika sahani kuosha ananipokonya taratibu. Pasi yangu ya mkaa imewekwa stoo, juu, ambako mkono wangu haufiki, kwa usalama wangu. Nguo zangu napigiwa na pasi ya umeme na msichana asiyejua kwamba kola inaanzwa ncha kwenda katikati. Natazama. Sisemi.

Ndiyo, nimeacha kusema. Nilipokuwa nasema, waliandika kwamba naongea peke yangu. Basi nikanyamaza niwape nafasi. Juzi nimemsikia baba yako ukumbini akimwambia shangazi yako kwenye simu, "Amenyamaza kabisa sasa. Ugonjwa umezidi. Afadhali tulimtoa kule mapema." Nilikuwa nimeketi nyuma ya ukuta, na kikohozi kimenijaa kooni, nikakibana, nisije nikaonekana nasikiliza.

Mashine ameipeleka ofisini kwake. Amesema ni nzuri, inakwenda haraka sana. Nimemwambia mjukuu wangu anajua kazi yake. Hayo ndiyo maneno yangu ya wiki hii.

Umeniandikia kwamba ofisi aliyokuahidi baba yako umeikataa. Mimi sina la kukusaidia hapo. Ikubali, ikatae, nyumba imeshapakiwa magunia hadi dirishani, jirani ameniambia. Usije ukadhani kuikataa kwako kunanirudishia hata kigae kimoja. Kukufanye ulale usingizi wewe, hiyo ni haki yako.

Lakini kama kweli unatafuta la kufanya, lipo. Usinitumie kitu cha kuchomeka kwenye umeme. Njoo wewe. Njoo mchana, siku yako ya mapumziko, uketi na mimi pale ukumbini wanapopita watu, si huku chumbani. Niongee, uniitikie kwa sauti. Nikikutukana, unirudishie. Waone mdomo wangu ukifunguka na wako ukijibu. Uje na wiki itakayofuata, na itakayofuata, watu wachoke kutuona. Sijui kama itabadilisha kitu. Baba yako atasema unanibembeleza. Shangazi yako atatabasamu. Wewe njoo tu, na usinililie.

Sijasema nimekusamehe. Usije ukasoma ambalo sikuliandika.

Ukifika, piga hodi kwa nguvu, uendelee kupiga mpaka mwenye nyumba aitike. Mimi nitakusikia, lakini hapa sina karibu ya kumpa mtu.

Bibi yako